Oda ya greti bila mwelekeo wa chuma ni hatari

KARAKANA
Na Zuhura Kimweri

Karatasi ya oda imeandikwa: "Greti ya chuma, mita 3 kwa mita 1, vipande 12." Basi. Afisa ununuzi anaituma kwa wauzaji watatu, anachukua bei ya chini, na baada ya muda mafundi wanatembea juu ya vipande hivyo, chini yao mashine inazunguka na sakafu ya zege inasubiri. Oda hiyo haijataja kitu chochote kinachomzuia mtu asianguke.

Greti ina vyuma vya aina mbili. Vyuma bapa vilivyosimama wima ndivyo vinavyobeba mzigo. Vile vyembamba vilivyosokotwa, vinavyovikata vyuma bapa kila baada ya milimita 100 hivi, kazi yake ni kuvishika visilale. Kwa hiyo vyuma bapa lazima vivuke kutoka boriti hadi boriti. Ikiwa boriti zako zimeachana mita 1 na muuzaji akakuletea kipande ambacho bapa zinafuata ule urefu wa mita 3, ukikitandika juu ya boriti mbili tu, mzigo wa mtu unaning'inia kwenye vile vyembamba. Kwa macho, kipande sahihi na hiki chenye kosa vyote vina mita 3 kwa 1. Ndiyo maana nasema mwelekeo wa bapa uandikwe kabla hata ya bei kuulizwa, na mchoro mdogo wenye mshale uambatanishwe.

Kisha kimo cha bapa. Hapa ndipo karakana nyingi za mitaani hukosea kwa nia njema kabisa, zikichomelea nondo badala ya bapa. Chuma bapa cha milimita 32 kwa 5, kikisimama wima, kinapinga kunepa zaidi ya mara 13 kuliko nondo ya milimita 12, ilhali uzito wake haufiki mara moja na nusu ya nondo hiyo. Nondo ni ya kukaa ndani ya zege. Tena ni ya mviringo, na kwenye kiwanda chenye mafuta au molasi mguu unateleza. Pale inafaa bapa yenye meno juu. Na anayetaka kubana matumizi kwa kuongeza nafasi kati ya boriti ajue kwamba nafasi ikiwa maradufu, mtu aliyesimama katikati atainepesha greti ileile mara 8.

Mzigo ukifika, wekeni kipande kwenye mizani. Bapa za 32 kwa 5 zilizopangwa kila milimita 30 zina uzito wa kilo 42 hivi kwa mita ya mraba, bila kuhesabu vile vyembamba wala fremu. Ukiletewa bapa za unene wa milimita 3, zitakuwa kilo 25. Tofauti ya kilo 17 mkaguzi yeyote ataiona, na ndipo utakapojua ile bei ya chini ilitoka wapi.

Kwa viwanda vya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, chumvi ya bahari haisamehe. Greti izamishwe kwenye zinki iliyoyeyuka, si kupakwa rangi ya fedha. Kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani wa maikromita 70 kwa chuma cha unene wa milimita 5, na kipimo cha kushika mkononi kinaonyesha namba palepale. Fundi akikata tundu la kupitisha bomba, ncha zilizokatwa zifungwe kwa bapa ya pembeni na zirudishiwe kinga ya zinki. Zikiachwa wazi, bapa zilizokatwa hazina pa kuegemea upande huo, na kutu huanzia hapo.

Klipu nazo zitajwe kwenye oda, angalau nne kwa kila kipande. Mtetemo wa mashine husogeza greti isiyofungwa taratibu mpaka iache boriti.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na wakaguzi wake huingia viwandani. Nawaomba wasiishie kuhesabu helmeti. Waombe karatasi ya oda ya greti, waangalie mshale wa bapa unaelekea wapi, kisha wapande juu wakaulinganishe na boriti.