Mwanza ijikaangie kahawa yake

Meli ya New Victoria inapofunga gati Mwanza ikitokea Bukoba, hushusha ndizi kwa mikungu, maharage, na msimu ukiwa mzuri, senene waliokwisha kukaangwa. Katika mizigo inayokwenda moja kwa moja masokoni ni nadra kuona buni. Kagera ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kahawa, lakini kahawa hiyo hufungwa kwenye magunia ya kilo 60 na kuelekea bandari za pwani. Mkazi wa Kirumba au Igoma akiitaka, hana budi kusubiri irudi dukani ikiwa ndani ya kopo au pakiti.

Huu ni utaratibu wa ajabu kwa mji uliozungukwa na kahawa. Magharibi ya ziwa kuna robusta ya Bukoba, Muleba, Misenyi na Karagwe. Kaskazini-mashariki, juu kwenye baridi ya Tarime, kuna arabika. Vyombo vya kuikaangia viko karibu kila nyumba ya Mwanza: jiko la mkaa, sufuria zito, mwiko, ungo na kinu. Nyumba hizo hizo hukaanga karanga kila wiki bila kumuuliza mtu. Kahawa imewashinda nini?

Sehemu ya jibu iko kwenye historia. Robusta haikuletwa Buhaya, nchi ya Wahaya huko Kagera, kwa meli. Ni mmea wa asili wa ukanda huu, na Wahaya waliijua vizuri kabla Mzungu wa kwanza hajaliona ziwa. Ila hawakuinywa, waliitafuna. Matunda yalichumwa yangali mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa mpaka yakauka. Mgeni alipewa kahawa ya kutafuna kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Watu wawili walipochanjiana undugu, punje mbili zinazolala ndani ya tunda moja zilipakwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Upandaji wenyewe ulisimamiwa na watawala, abakama, wala haikuwa ruhusa kwa kila mtu kujipandia apendavyo.

Ukoloni ulikuja na hesabu nyingine. Wajerumani, kisha Waingereza, waliigeuza kahawa kuwa zao la kodi na la kuuza nje, na reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji huu ukapata kazi ya kupitisha mizigo ya ziwa kwenda pwani. Tangu hapo kahawa ikawa mali ya chama cha ushirika, ya mnada na ya meli. Ilijenga nyumba za bati na kusomesha watoto, lakini asubuhi wenye shamba walikunywa chai. Desturi ya kukaanga, kutwanga na kuchemsha pamoja na tangawizi ni ya pwani, na Mwanza inaijua kupitia kwa muuza kahawa wa jioni: birika juu ya makaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, kashata pembeni. Wateja wake kijiweni ni wanaume karibu wote, na kahawa yake ni chungu kwa makusudi.

Uchungu huo ndio uliowafanya wengi waamini kwamba hiyo ndiyo ladha ya kahawa. Kwa kiasi kikubwa ni ladha ya kuungua. Kweli robusta ina nguvu, kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika, na haina ulaini wa kahawa ya Kilimanjaro. Lakini robusta ya Kagera iliyokaushwa vizuri na kukaangwa kwa kiasi huwa nzito mdomoni, yenye harufu ya karanga na kakao. Hapo ndipo jiko la nyumbani linapoweza kushinda kiwanda, kwa sababu anayekaanga ndiye atakayekunywa.

Kazi yenyewe haimalizi nusu saa. Buni huchaguliwa kwanza kwenye sinia: zilizovunjika, nyeusi na zilizotobolewa na wadudu zinatolewa. Vikombe viwili vinatosha kwa mara moja, visirundikane ndani ya sufuria. Makaa yawe yamekolea, yasitoe ndimi, na mwiko usipumzike hata dakika moja, maana buni iliyotulia upande mmoja huungua hapo hapo huku upande wa pili ungali mbichi.

Dakika za mwanzo hazina raha. Buni iliyokauka bado ina maji ya asilimia 10 hadi 12, na lazima yatoke. Harufu huwa ya nyasi, kisha rangi inageuka njano, kisha jikoni kunanukia mkate. Punde, joto la ndani ya buni likikaribia nyuzi 200, mlio unasikika, mkavu kama wa bisi. Buni zimetutumka na kupasuka kwa ndani. Kuanzia hapo ni suala la dakika moja au mbili, na jicho ndilo linaloamua. Anayependa kahawa ya wastani aipue milio ikianza kupungua. Akisubiri mlio wa pili, ambao ni mwembamba na wa haraka zaidi, mafuta huanza kujitokeza juu ya buni, na kahawa ya Karagwe na ile ya Brazili huanza kufanana.

Kisha ungo. Wakaangaji wa nyumbani wa Ulaya na Marekani hununua feni na mashine za kupoza kahawa na kuondoa kapi linalobanduka wakati wa kukaanga. Mwanamke wa Sengerema anapepeta uani, na kwa mikono ile ile amemaliza kazi zote mbili. Moshi upo, na ni mwingi, kwa hiyo kukaangia chumbani ni kujitafutia ugomvi na majirani. Kilo moja ya buni hutoa takribani gramu 800 hadi 850 za kahawa. Iachwe siku nzima ipumue, kwani hewa ya kaboni inayotoka baada ya kukaanga huharibu ladha ikitwangwa upesi mno.

Kuna faida nyingine ambayo wapishi hawaizungumzii sana. Buni mbichi iliyohifadhiwa pakavu hukaa karibu mwaka bila kuchakaa. Iliyokaangwa huanza kupoteza harufu ndani ya wiki chache, na iliyosagwa ni suala la siku. Mnunuzi wa pakiti ya unga dukani hajui ilikaangwa lini, na akikutana na mfanyabiashara asiye mwaminifu, hajui pia kama ndani yake kuna mahindi yaliyounguzwa. Mahindi yakishakuwa meusi na kusagwa, jicho haliwezi kuyatenga na kahawa. Buni nzima haina mahali pa kufichia mahindi.

Hili si shitaka dhidi ya kopo. Tanica, kiwanda cha Bukoba kilichoanzishwa miaka ya 1960, kimefanya jambo ambalo nchi nyingi zenye kahawa zilishindwa: kuisindika karibu na shamba. Kahawa yake inayoyeyuka ina nafasi yake, hasa kwa mtu anayewahi daladala. Tatizo ni kuifanya kuwa mlango pekee.

Mtu anaweza kusema mkulima hahitaji soko la Mwanza wakati dunia inamlipa. Mwaka 2024, ukame wa Vietnam ulipopunguza mavuno, bei ya robusta London ilivuka dola 5,000 kwa tani, na Kagera ilifurahi. Ni kweli, na hakuna atakayemwomba mkulima auze kwa hasara ili jirani anywe. Lakini Kagera hiyo hiyo inakumbuka mwaka 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka, na inakumbuka miaka ya mwanzo ya 2000, mikahawa ilipoachwa ivamiwe na magugu. Ethiopia ilipitia dhoruba zile zile, ila karibu nusu ya kahawa yake hunywewa na Waethiopia wenyewe. Huko mama mwenye nyumba hukaanga mbele ya wageni na kuwapitishia moshi waunuse kabla ya kutwanga. Oman nako, ambako familia nyingi za Kitanzania zina ndugu, kukaanga ni sehemu ya ukarimu, na mwaka 2015 UNESCO iliiweka kahawa ya Kiarabu kwenye orodha yake ya urithi.

Kinachokwamisha Mwanza si uvivu wa wapishi. Mfumo mzima umejengwa kwa kipimo cha gunia. Mkulima anapeleka kahawa ya maganda chama cha msingi, chama cha msingi kwa chama kikuu cha ushirika, KCU au KDCU, kisha mnada, kisha msafirishaji. Ulijengwa hivyo kwa sababu za msingi: kuzuia magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda, na kupambana na butura, ile biashara ya kumlipa mkulima mwenye njaa kahawa ikiwa bado maua. Matokeo yake, mtu mwenye kilo chache za kahawa mbichi kwenye basi huweza kutazamwa kama mhalifu, na mama lishe anayetaka kuuza buni kwa kopo sokoni hajui aanzie ofisi gani.

Barabara imekwisha kufunguka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na safari ya kuelekea Geita na Kagera haisubiri tena foleni ya kivuko. Bodi ya Kahawa ikiweka leseni nyepesi ya rejareja kwa buni iliyokobolewa, yenye ada anayoiweza muuza nafaka wa kawaida, KCU na KDCU zinaweza kufungua vibanda Mwanza na kuuza kilo moja moja, mfuko ukiwa na jina la chama cha msingi na msimu wa mavuno. Stakabadhi ya chama ingetosha kuitofautisha na kahawa ya magendo. Na pa kuanzia ni soko la Kirumba au Mlango Mmoja, karibu na wauza karanga, ambao wateja wao wanajua tayari kukaanga bila kuunguza.