Gari Hushikwa na Tairi, si na Pambo la Rimu

Katika nchi kama Uingereza, Ujerumani, Japani na Marekani, viwanja vingi vya mashindano ya magari hufunguliwa siku maalumu kwa mwenye gari yeyote aliye na leseni na ada ya kuingilia, ili apate kuliendesha gari lake kwa kasi isiyoruhusiwa barabarani. Wengi wa madereva hao hawaishi kwa mashindano. Ni makarani, mafundi na walimu ambao kwa wiki nzima hulitumia gari lilo hilo kwendea kazini. Aghalabu jambo la kwanza wanalolibadili, kabla hata ya kujifunza kukata kona sawasawa, ni magurudumu. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure, kwa kuwa rimu huchaguliwa kwa jicho, na tairi hutafutwa baadaye kama kwamba ni vazi la rimu. Utaratibu huo umepinduliwa. Tairi ndilo litangulie, na rimu iwe mtumishi wake.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Gari, hata liwe na injini ya nguvu kiasi gani, hugusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali pana ukubwa upatao kiganja cha mkono. Kani zote za kuongeza mwendo, za kusimama na za kukata kona hazina njia nyingine ila viganja hivyo vinne. Injini kubwa ikipewa tairi dhaifu huuzungusha mpira pale pale bila ya kulisukuma gari. Breki kubwa zikipewa tairi dhaifu huufunga mpira, na gari likateleza.

Mpira nao hauishiki lami kama jiwe linavyolishika jiwe. Hushika kwa namna mbili: kwanza kwa kunata juu ya vijiwe vya lami, pili kwa kujibonyeza katika nafasi za vijiwe hivyo na kupinga kuvutwa nje. Namna zote mbili hutegemea joto. Tairi la mashindano halisi huwa gumu na telezi likiwa baridi, na hufanya kazi yake barabara baada ya kupata moto mkali. Tairi la kawaida la barabarani hushika tangu asubuhi ya baridi, lakini likikimbizwa mizunguko michache ya uwanjani hupata moto kupita kiasi, nakshi zake zikayumba, na vipande vya mpira vikaanza kumeguka. Baina ya hayo mawili kuna matairi ya kati, yaliyoruhusiwa barabarani na yenye kustahimili moto wa uwanjani. Hayo ndiyo yamfaayo mtu anayekwenda uwanjani na kurudi nyumbani kwa gari hilo hilo, maadam asisahau kwamba nakshi zake chache hazitoi maji vizuri, na mvua ikimkuta njiani itambidi apunguze mwendo.

Nchini Marekani matairi mengi ya barabarani ya magari madogo huandikwa namba ya kulika. Tairi la kulinganishia lilipewa 100, na kadiri namba inavyopanda ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Mashindano mengi ya ridhaa yameweka 200 kuwa namba ya chini inayokubaliwa. Hata hivyo, namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe kutokana na majaribio yake. Kwa hiyo matairi mawili yenye 200 yaweza kutofautiana sana. Namba humsaidia mnunuzi kuanza uchaguzi, lakini haimmalizii.

Wapo wanaotetea rimu kubwa, na hoja zao si za kupuuzwa. Rimu kubwa hutoa nafasi ya breki kubwa. Aidha, ukuta mfupi wa tairi haupindi sana, hivyo gari huitika upesi usukani unapogeuzwa. Lakini faida hizo zina kikomo, na kikomo hicho hufikiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mfano mzuri ni Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili lililoanza kuuzwa mwaka 1989 na linalopendwa sana viwanjani. Matairi yake ya awali yaliandikwa 185/60 R14. Kizazi kilichotoka mwaka 2015 kimeuzwa kikiwa na 195/50 R16 au 205/45 R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ukuta wake kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Akipiga hesabu, msomaji ataona kwamba kutoka inchi 14 hadi 17 ukuta wa tairi umepungua kutoka milimita 111 hadi 92 hivi, ilhali upana umeongezeka milimita 20 tu. Mwenye gari hilo akitia rimu ya inchi 18 na kubakiza upana ule ule, hapati mpira wa maana zaidi ardhini. Anapata chuma zaidi na ukuta mfupi zaidi wa kupokea pigo la ukingo wa kiwanja.

Uzito huo wa ziada una gharama yake. Kilo moja iliyo kwenye mzingo wa nje wa tairi hudai nishati sawa na kilo mbili zilizotulia ndani ya gari, kwa kuwa husafiri mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja. Vilevile gurudumu zito huchelewa kurudi chini baada ya kuruka juu ya tuta, na tairi lisilogusa lami halishiki kitu. Ushahidi mkubwa uko katika mashindano ya Formula 1: hadi mwisho wa mwaka 2021 magari hayo, yenye kasi isiyo na kifani katika kona, yalitumia rimu za inchi 13. Yalihamia inchi 18 mwaka 2022, hasa ili yafanane na magari ya barabarani, na magurudumu yakawa mazito zaidi.

Baada ya uchaguzi, upepo nao hauna budi kupimwa. Kwa mujibu wa kanuni ya gesi ifundishwayo sekondari, tairi lililojazwa baa 2.0 likiwa na nyuzi 20 za Sentigredi hufikia takriban baa 2.6 likipata nyuzi 80. Dereva asiyepima upepo mara atokapo uwanjani, tairi lingali moto, huendesha gari asilolijua. Kipima upepo ni rahisi mno kuliko rimu yoyote, na pengine chamfaa zaidi.

Kwamba tairi lazima lilingane na mahali linapotumika, lilithibitika mbele ya macho ya dunia mjini Indianapolis mwezi Juni mwaka 2005. Matairi ya Michelin, yaliyokuwa yakishinda kwingineko mwaka huo, hayakuweza kuhimili mzigo wa kona moja ya kasi iliyoinama upande. Baada ya ajali ya mazoezini, kampuni haikuweza kudhamini usalama wake kwa mashindano mazima. Siku ya mashindano, magari 14 kati ya 20 yaliacha baada ya mzunguko wa kujipanga, na 6 tu yakashindana. Ikiwa wataalamu wenye maabara walikwama kwa kona moja, mnunuzi wa kawaida ana sababu ya kuuliza kwanza: kiwanja gani, gari la uzito gani, na joto kiasi gani?

Juu ya rimu yenyewe, nguvu hutangulia urembo. Rimu za kusubu hutengenezwa kwa kumimina aloi ya alumini iliyoyeyushwa katika kalibu. Rimu za kufua hubanwa kwa kani kubwa, chembe za metali zikashikamana zaidi, hivyo huweza kuwa nyepesi bila ya kupoteza uimara. Ghali ni hizi za pili. Ila rimu ya kusubu iliyopimwa vyema ni bora mara nyingi kuliko rimu isiyojulikana asili yake, hata ing'ae namna gani. Wahenga walikwisha kuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Onyo hilo halimhusu mpenzi wa mashindano peke yake. Magari mengi yaliyotumika huingia Afrika Mashariki kutoka Japani, na baadhi yake huja na rimu za aloi alizotia mwenye gari wa kwanza. Mnunuzi na atazame mgongoni mwa rimu: herufi JWL ni alama ya kiwango cha Japani, kinachotaka rimu ijaribiwe kwa kupindwa, kwa kubebeshwa mzigo na kwa kugongwa. Kisha atazame ubavuni mwa tairi tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Alama zaweza kughushiwa, lakini rimu isiyo na alama yoyote haistahili kuaminiwa uhai wa mtu.

Utaratibu ulio sahihi, basi, ni huu: kwanza ijulikane rimu ndogo kuliko zote inayozipisha breki, pili lichaguliwe tairi linalofaa uzito wa gari na joto la kiwanja, na linalopatikana kwa urahisi likiisha, tatu itafutwe rimu imara na nyepesi ya kulibeba tairi hilo. Rangi na nakshi ya rimu vije mwisho kabisa. Watazamaji walio pembeni huiona rimu, lakini dereva aliye katikati ya kona hushikiliwa na viganja vinne vya mpira.