Chama cha Wanaume Kizungumze Lugha ya Wanaume

Katika parokia za Jimbo Katoliki la Homa Bay, ambalo linajumuisha kaunti mbili za Homa Bay na Migori, kuna kundi la waumini ambalo kazi zake huonekana zaidi kuliko mawazo yake yanavyosikika. Nalo ni Chama cha Wanaume Wakatoliki, ambacho wenyewe hukitaja kwa herufi zake tatu za Kiingereza, CMA. Wanachama wake ndio wanaofyatua matofali ya nyumba ya padri, wanaotengeneza ua wa shamba la kanisa, wanaochanga nauli ya mgonjwa asiyekuwa na ndugu, na wanaobeba viti wakati wa harambee. Wanaume hao humtazama Mtakatifu Yosefu kama msimamizi wao, seremala ambaye Injili zote nne hazikumnukuu hata neno moja. Mtu angeweza kudhani kwamba wanachama wamemwiga msimamizi wao hata katika kunyamaza kwake.

Mimi sidhani hivyo. Ninavyoona, kimya cha wanachama wengi hakitokani na unyenyekevu, bali kinatokana na lugha ambayo chama kimechagua kuendeshea shughuli zake.

Nimepata kuhudhuria mikutano kadhaa ya chama hiki nikiwa mgeni, na utaratibu wake hautofautiani sana kutoka parokia moja hadi nyingine. Sala ya kufungulia husemwa kwa Dholuo au kwa Kiswahili. Wimbo huimbwa, na kila mtu huimba. Kisha katibu, ambaye aghalabu ni mwalimu, hufungua daftari lake, na hapo lugha hubadilika ghafla. Ajenda imeandikwa kwa Kiingereza, kumbukumbu za mkutano uliopita zimeandikwa kwa Kiingereza, na katiba inayorejelewa panapotokea ubishi ni ya Kiingereza. Haupiti muda kabla ya mjadala wenyewe kufuata njia hiyo hiyo. Mvuvi wa Mbita, mkulima wa miwa wa Awendo, mchimba dhahabu wa Macalder na mwendeshaji bodaboda wa Rongo huanza kutazama mabati ya paa. Yanapofika masuala ya fedha huombwa wainue mikono, nao huinua.

Ni makosa kuwadhania watu hao kuwa hawana lugha. Mfanyabiashara wa kawaida katika soko la Migori humsalimu jirani yake kwa Dholuo, hupatana bei ya mahindi na Mkuria kwa Kiswahili, na akiwa ameoa upande wa Kisii, huzungumza na wakwe zake kwa Ekegusii. Ni stadi wa lugha kuliko wengi wetu tunaofundisha lugha vyuoni. Kiingereza ndicho anachokosa, nacho ndicho chama chake kimekifanya mlango wa kuingilia katika maamuzi.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi ambayo chama hiki hufanya, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Mojawapo ya kazi za huruma ambazo wanaume wa parokia hufanya katika sehemu hizo ni kumjengea mjane nyumba. Asiyeijua jamii ya Waluo ataiona kuwa kazi ya miti, matope na mabati tu. Lakini kwa desturi, mume anapofariki, ndoa yake haikomi. Mjane hubaki kuwa mke wa marehemu, na ndugu au mwanamume mwingine wa ukoo humchukua kwa utaratibu unaoitwa ter. Mwanamume huyo ndiye jater. Wengi hushikilia kwamba mjane asiyepitia utaratibu huo hafai kujengewa nyumba mpya katika boma la mumewe. Kanisa kwa upande wake halikubali mjane alazimishwe. Matokeo yake ni kwamba mwanamke aliyekataa kwa sababu ya imani yake anaweza kuishi miaka mingi chini ya paa linalovuja, huku shemeji zake wakipita mlangoni bila kuingilia, na si kwa kukosa moyo wa huruma, bali kwa kuogopa chira, yaani balaa inayowapata waliokiuka miko.

Wanaume wa parokia wanapofika katika boma kama hilo wakiwa na mapanga na misumari, basi, hawakwenda kujenga nyumba pekee. Wamekwenda kutoa hoja. Mzee wa boma atauliza ni nani atakayesimamisha nguzo ya kwanza, na ni lazima ajibiwe. Nani atamjibu? Si katibu na daftari lake. Atajibiwa na mwanachama mwenye umri unaolingana na wake, anayejua methali, anayejua ukoo ulivyotokea, na anayeweza kutofautisha mila na woga kwa maneno ambayo mzee huyo anayaheshimu. Mjadala huo mzito, ambao unagusa sheria ya kanisa, haki ya mwanamke na heshima ya wafu, hufanyika kwa Dholuo, mara nyingi chini ya mti, na hudumu hata saa nzima. Halafu mwezi unaofuata husomwa katika kumbukumbu kwa mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba mjane mmoja amesaidiwa.

Mstari huo umepoteza kila kitu. Parokia jirani itakapokabiliwa na swali hilo hilo haitapata mahali pa kujifunzia. Tena kuna hasara nyingine ambayo ni ya kiisimu. Kiingereza hutafsiri ter kuwa kurithi mke, na Kiswahili chetu kimefuata nyayo hizo bila kufikiri. Lakini tero maana yake ni kuchukua, kupeleka. Hakuna urithi katika neno hilo, wala mjane hageuki kuwa mali. Anayejadili jambo hili kwa neno la urithi amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza, na mzee wa boma hulitambua hilo mara moja. Sitetei ter. Ninachosema ni kwamba huwezi kumshawishi mtu aache jambo ambalo wewe mwenyewe umeshindwa kulitaja kwa jina lake.

Kuhusu ukimwi sina haja ya kurefusha. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maambukizi miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay yalifikia asilimia 19.6, yaani takriban mtu mmoja kati ya watano. Katika fuo za ziwa, mambo yanayouchochea ugonjwa huo, kama vile ule mtindo wa jaboya ambapo mwanamke hupata samaki kwa kukubali kulala na mvuvi, ni mambo ya wanaume, na wanaume ndio wanaopaswa kuyasema wao kwa wao. Hayasemeki kwa lugha ya kuazima.

Ili tuone kwamba mambo yangeweza kuwa vingine, tuvuke mpaka wa Isibania na Sirari. Upande wa pili wamo Wakuria wale wale wa Kehancha, sasa wakiitwa watu wa Tarime, na Waluo wale wale wa Nyatike, sasa wakiitwa watu wa Rorya. Kanisa ni lile lile. Huko chama cha wanaume huitwa UWAKA, na cha wanawake huitwa WAWATA, majina ambayo hata vifupisho vyake ni vya Kiswahili. Mkuria wa Tarime akiwa mweka hazina, husoma hesabu kwa Kiswahili, na aliyefyatua matofali humuuliza maswali kwa Kiswahili. Binamu yake wa Kehancha hukaa kimya. Tofauti kati yao si elimu wala imani, ni sera ya lugha ya nchi mbili.

Huko huko Rorya, katika parokia ya Nyarombo, kuanzia mwaka 1966 ziliundwa jumuiya ndogo za Kikristo miongoni mwa Waluo, ambazo zinahesabiwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Mtafiti Marie-France Perrin Jassy alizichunguza na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1970. Mnamo 1973 maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi wakaamua kwamba maisha ya kanisa katika eneo hili yajengwe juu ya jumuiya za namna hiyo. Waluo hao waliziita jumuiya zao chama, neno la Kiswahili ambalo walikwisha kulifanya lao. Kwa hiyo wale watakaoniambia kwamba Kiswahili ni kigeni kwa Mluo wa kijijini wamechelewa.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo lazima niikiri kuwa ina nguvu, nayo imetoka Migori kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, ndani ya vikundi vya Lejio ya Maria katika iliyokuwa South Nyanza, palichipuka vuguvugu lililoongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Lejio ilianzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Kenya na Edel Quinn mwaka 1936, ikiwa chama cha kawaida cha walei. Kwetu ikazaa kanisa kamili, Legio Maria, ambalo mlima wake mtakatifu wa Got Kwer uko Migori na ndiko Ondeto alikozikwa mwaka 1991. Sababu za kujitenga zilikuwa nyingi: uponyaji, pepo, ndoa za wake wengi, na nafasi ya Mwafrika katika uongozi. Cha ajabu ni kwamba waliojitenga hawakukitupa Kilatini. Mtaguso wa Vatikano ulipoidhinisha lugha za wenyeji katika liturujia, Desemba 1963, Legio Maria wao walikuwa wakikishika Kilatini, na wamekihifadhi katika ibada zao.

Je, hili halionyeshi kwamba watu wanaweza kuipenda lugha wasiyoielewa? Linaonyesha. Lugha ya mbali ina haiba yake madhabahuni, na yamkini baadhi ya wanachama wa CMA hujisikia wakubwa wanaposikia Kiingereza kikisomwa kwa jina la chama chao. Lakini mtu anaweza kusali kwa lugha asiyoielewa. Hawezi kukagua hesabu kwa lugha asiyoielewa. Tena historia hiyo inatufundisha kwamba katika nchi hii ya ziwa chama cha walei si jambo dogo. Wanaojiona wako nje hawakawii kujenga nyumba yao.

Wala sipendekezi lugha moja kwa kila mahali. Ndhiwa na Rangwe wana haki ya kuendesha chama chao kwa Dholuo, lugha iliyoandikwa tangu enzi za wamisionari wa kwanza. Migori mjini, Awendo kwenye kiwanda cha sukari, na popote Mluo, Mkuria, Mkisii na Mluhya wanapokaa benchi moja, Kiswahili ndicho kinachofaa. Visiwani Rusinga na Mfangano tuwe waangalifu zaidi. Olusuba kimedidimia huko kwa muda mrefu, na Dholuo cha kanisani na shuleni kilikuwa mojawapo ya sababu. Wazee wa Kisuba wana haki ya kutuuliza ikiwa sasa tunawaondoa chini ya Kiingereza ili tuwarudishe chini ya Dholuo.

Nimesikia pia kwamba barua za benki na za wafadhili hutaka Kiingereza. Basi ziandikwe hizo kwa Kiingereza, na daftari la chama libaki kuwa la wanachama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna ofisi ya serikali iliyo na haki ya kukataa kumbukumbu zilizoandikwa kwa Kiswahili.

Nikija kwenu walimu, ambao ndio makatibu wa vyama hivi karibu kila parokia, sioni mnachokosa. Kumbukumbu ni aina ya insha mnayoifundisha katika shule za sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha nne hutakiwa kujua waliohudhuria waandikwe wapi, waliotuma udhuru wapi, akidi ni nini, yatokanayo na mkutano uliopita huja lini, na mengineyo hukaa mwisho. Hupewa alama kwa hayo. Inakuwaje mwalimu aliyesahihisha insha hizo arobaini siku ya Ijumaa aketi Jumapili kanisani na kuandika kwa Kiingereza yale ambayo watu wamesema kwa Dholuo na Kiswahili?

Pendekezo langu ni dogo. Katika likizo, kila katibu amwalike mwanafunzi mmoja wa sekondari kutoka parokia yake, amkabidhi kalamu, na yaandikwe yaliyosemwa, pamoja na majina ya waliosema. Katiba ya chama itafsiriwe kifungu baada ya kifungu, na panapokosekana neno waulizwe wazee. Kisha, kabla ya sala ya kufungia, kumbukumbu za siku hiyo zisomwe kwa sauti polepole, ili yule mfyatua matofali aliyeketi nyuma apate nafasi ya kusimama na kusema, "Hapo, mwalimu, sivyo tulivyosema."