Mzazi wa mpakani asiiuze alasiri ya michezo

Siku ya gulio, katika mji wowote wa mpakani kuanzia Sirari hadi Holili, hakosekani mtoto mwenye sare za shule anayepanga nyanya kwenye mafungu saa ambayo wenzake wako uwanjani. Mzazi akiulizwa, jibu lake ni jepesi: masomo yamekwisha, saa hizi ni michezo tu.

Hasara iko kwenye hilo "tu". Mfanyabiashara asiyekubali gunia lipungue hata kilo mbili kwenye mizani anakubali shule impunguzie mtoto wake robo ya elimu, na mara nyingine anaipunguza yeye mwenyewe.

Serikali za nchi jirani zimeshaacha kuhesabu sanaa, michezo na kazi za mikono kama pambo. Tanzania ilianza kutumia mtaala mpya Januari 2024, baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 kutolewa upya toleo la 2023, na sekondari sasa ina mkondo wa amali kando ya ule wa jumla. Kenya iliachana na mfumo wa 8-4-4 hatua kwa hatua, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mfumo mpya waliingia Gredi ya 10 wakiwa na njia tatu mbele yao: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Uganda ilibadili mtaala wa sekondari ya chini mwaka 2020, na huko kazi anazofanya mwanafunzi darasani na nje ya darasa hubeba asilimia 20 ya alama zake za mwisho. Mzazi wa Busia au Mutukula anayemtoa mtoto kwenye kazi ya mradi ili akabebe mzigo anaziuza alama hizo, tena bila kujua amezitoa kwa bei gani.

Mzazi naye ana hoja, na si hoja ya kubezwa. Mtihani bado ndio unaoamua nani anasonga mbele. Ada, nauli na daftari vinatoka kwenye mtaji uleule unaonunulia vitunguu, na mtoto akirudi na kombe la riadha lakini hisabati imemshinda, kombe halilipi deni. Wapo pia walimu wanaotumia kipindi cha michezo kupumzika, watoto wakaachwa na mpira mmoja na vumbi. Mzazi anayeona hivyo ana haki ya kudhani hakuna kinachofundishwa.

Lakini itazamwe kazi ya mpakani yenyewe. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zilizomo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili na bidhaa zake zisitozwe ushuru wa forodha. Kwenye karatasi, jambo hilo limekwisha. Kwenye dirisha la kituo, linamtaka mtu anayeweza kugeuza shilingi ya upande mmoja kuwa ya upande wa pili kichwani, kusoma fomu hadi mwisho, na kusema kwa heshima bila kutetemeka: "Samahani afande, bidhaa hii imo kwenye orodha." Hesabu ataipata darasani. Ule ujasiri wa kusimama mbele ya mwenye cheo na kujenga hoja bila kugombana haufundishwi ubaoni. Mtoto huupata kwenye mdahalo, kwenye maigizo, kwenye skauti, au kwenye klabu za wapinga rushwa ambazo TAKUKURU imezisimamia katika shule za Tanzania. Asiyeupata shuleni huja kuupata ukubwani, na mara nyingi baada ya kulipa fedha asizodaiwa.

Michezo nayo isipimwe kwa mastaa. Si kila anayekimbia atakuwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Faida ya wengi ni nyingine. Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki yalifanyika Huye, Rwanda, mwaka 2023, na Kakamega, Kenya, mwaka 2025. Kijana aliyecheza mpira wa wavu huko ameshakula na kulala jirani na wenzake wa nchi nyingine kabla hajawa na bidhaa hata moja ya kuuza. Wafanyabiashara wanajua thamani ya kumfahamu mtu wa upande wa pili. Wengi wao waliinunua kwa miaka ya kudhulumiwa.

Kwa hiyo mzazi anapokwenda kutafuta shule, iwe upande wake au ng'ambo, asiishie kwenye ada na wastani wa mtihani. Aulize klabu zinakutana siku gani na mwalimu gani anazisimamia, kisha apite siku hiyo bila taarifa, kama anavyofungua gunia la chini kabla ya kulipa. Aombe kuona maabara ikiwa na wanafunzi ndani, maana maabara yenye kufuli mpya na vumbi juu ya meza si maabara. Na anayemhamisha mtoto kutoka upande mmoja kwenda mwingine aelewe kwamba ripoti ya Kenya inayosema mtoto "amekaribia matarajio" haisomwi kama herufi za Tanzania. Amwombe mwalimu amweleze mtoto anaweza kufanya nini, si ameshika nafasi ya ngapi.

Limebaki la uwanja, na hapa wafanyabiashara wajitazame wao. Uwanja wa shule ulio jirani na soko ni ardhi inayotamaniwa. Huanza lori moja kuegeshwa usiku, likafuata turubai, kisha kibanda cha mabati, mwisho watoto wanacheza kwenye njia ya bodaboda. Kamati ya soko na kamati ya shule katika miji hii mara nyingi zina watu walewale. Wao ndio wa kwanza kuona kibanda kipya kikisogelea goli, na mara nyingine wanamjua mwenyewe kwa jina.