Nyiragongo: tarehe ikipinduka, onyo nalo linapinduka
Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka. Muji wa Goma ukatetemeka siku nyingi, na tarehe 27 wakaaji wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama. Swali la kila mutu lilikuwa moja: matetemeko yanaongezeka ao yanapungua?

Jibu linatoka kwenye mashine za kupima, kisha linapita kwenye kompyuta. Hatari iko hapo. Kwetu 02/06/2021 ni tarehe 2 Juni, kisha mlipuko. Programu iliyopangwa Kimarekani inasoma 6 Februari: tetemeko la nyuma linageuka dalili ya mbele. Tena, data hizo hufuata saa ya UTC. Goma inaitangulia masaa mawili, kwa hiyo 01:30 yetu ya usiku ni 23:30 ya jana.

Na namba za mashine ni tupu: lazima zigawanywe kwa kipimo cha mashine yenyewe, la sivyo tetemeko dogo litaonekana kubwa.

Dawa ni nyepesi: kuandika 2021-06-02, kutaja saa ni ya wapi, kulinganisha mistari michache na data za kwanza. Sisi wa redio pia tuulize mbele ya kutangaza. Kuna mama anayefunga mizigo akifuata tarehe hiyo.