Msafiri na Aliyemwacha Nyumbani

Muhula huu Chama chetu cha Majadiliano kilikuwa na hoja hii: "Ni bora mtu afanye kazi yake akiwa safarini kuliko kukaa mahali pamoja." Hoja ilishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache walioipinga, na kwa kuwa kengele ililia kabla ya zamu yangu, namwomba Mhariri aniruhusu niseme humu yale ambayo sikupata nafasi ya kuyasema siku ile.

Msemaji wa kwanza, mwenzetu wa Kidato cha Tano, alisema vizuri sana. Alitueleza habari za vijana wa siku hizi ambao ofisi yao yote ni kompyuta ya kutia mkobani. Mwezi huu wako Nairobi, mwezi ujao wako Lisbon, na kazi yao huenda na kurudi kwa intaneti. Alitaja nchi ya Estonia, ambayo mwaka 2020 ilianza kutoa viza maalumu kwa watu wa namna hiyo, na jirani zetu wa Kenya, ambao mwaka 2024 walitangaza kibali kama hicho. Hayo yote ni kweli, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na neno alilomalizia, ya kuwa msafiri huyo "hamtegemei mtu." Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Sikupiga kwa sababu nimezaliwa katika nyumba ya msafiri. Kwetu ni Kigoma, na baba yangu hufanya biashara ya dagaa wakavu. Huvuka ziwa mpaka Kalemie, na mara nyingine huenda kusini mpaka Mpulungu, kisha hupanda lori na magunia yake mpaka Kitwe. Safari moja yaweza kuchukua miezi mitatu, na yaweza kuchukua mitano. Huko aliko hupanga chumba, huuza, hutafuta wanunuzi wapya, hukusanya madeni, na kuagiza mzigo mwingine. Biashara yake yote imo ndani ya simu na mfuko wa shati. Basi baba yangu ni mtu yule yule aliyesifiwa katika majadiliano, ila yeye hana kompyuta.

Lakini mzigo huo mwingine huagizwa kwa nani? Kwa mama. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na asubuhi mama huwa yuko Kibirizi kununua. Yeye ndiye anayesimamia waanikaji, anayepima magunia, anayetafuta nafasi katika boti, na anayewalipa wachukuzi. Kila jioni baba hupiga simu. Huko Zambia, na hata Kalemie, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwa hiyo baba amalizapo kazi saa moja ya usiku, kwetu ni saa mbili, na mama amekwisha keti kwenye taa na daftari lake. Baba hutaja alichouza, mama huandika. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tangu nijue kusoma, sijaona daftari la baba. Nimeona la mama tu.

Pengine mtasema ya kuwa haya ni mambo ya nyumbani kwetu peke yake. La, hata kidogo. Tutazame historia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alifanya safari kubwa iliyoanza karibu na mwaka 1870, na hakurudi Unguja mpaka mwaka 1882. Simtaji ili kumsifu, maana mali ile ilitoka katika pembe za ndovu na pia katika kuwateka na kuwauza watu, na jambo hilo ni la aibu. Namtaja kwa kuwa hakuna aliyefanya biashara safarini kwa muda mrefu kuliko huo katika habari tunazofundishwa. Je, alikuwa hamtegemei mtu? Bidhaa alizoondoka nazo alikopeshwa na Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa Unguja. Taria alikaa dukani, akangoja miaka yote hiyo. Kama mtu wa dukani asingaliamini, mtu wa njiani asingaliondoka. Na wachukuzi waliobeba mizigo vichwani, ambao majina yao hayakuandikwa, walikuwa wengi kuliko matajiri wote wawili.

Haya, tuache ya kale, tuje katika enzi ya kompyuta. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Steven K. Roberts, aliondoka Ohio kwa baiskeli, akiwa na kompyuta ndogo ya betri. Alikuwa mwandishi wa makala. Aliandika njiani, akatuma kazi yake kwa nyaya za simu, akaendesha zaidi ya maili 10,000. Watu wengi humhesabu kuwa wa kwanza wa hao wafanyakazi wa safarini waliosifiwa siku ile. Lakini huko Ohio alikuwa na msaidizi aliyeshika ofisi yake na kushughulikia barua na mambo ya fedha. Magurudumu yalikuwa barabarani, nanga ilikuwa nyumbani.

Hata serikali zajua jambo hili. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania, mtu akiwapo nchini kwa siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato, huhesabiwa mkaazi. Maana yake ni kwamba msafiri naye hana budi kuhesabiwa mahali fulani. Lazima pawe na anwani, na lazima awepo mtu wa kupokea barua inapokuja.

Sasa nitasema jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Sikulaumu amri hiyo, maana ziwa likiisha na sisi tumekwisha. Baba alikuwa Kitwe, ameuza mzigo kwa mkopo, na wadeni wake walikuwa hawajalipa. Mama aliona ya kuwa miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu bila chakula. Akaamua kununua mafuta ya mawese vijijini na kuyauza mjini. Akaenda kuomba mkopo mdogo. Aliulizwa, "Leseni ni ya nani?" Ni ya baba. "Jina la biashara limeandikishwa na nani?" Na baba. "Basi mwenyewe na aje." Mwenyewe yuko Kitwe! Mama alirudi na daftari lake kwapani, lenye hesabu za miaka tisa kwa mwandiko wake, na halikumsaidia kitu. Siku ya pili aliuza cherehani yake.

Kwa fedha za cherehani alinunua madumu ya mawese, akauza, akanunua tena. Tulikula, na mimi nilirudi shuleni na sare nzima. Baba aliporudi mwezi wa Septemba alikuta ghala si tupu. Jirani alipomsifu, alijibu kwa furaha, "Alhamdulillahi, biashara yangu imesimama." Baba yangu ni mtu mwema, na hakusema hivyo kwa ubaya. Alisema kama wanaume wengi wasemavyo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona mama akitazama pembe ile iliyokuwa na cherehani.

Kwa hiyo, wenzangu, sisemi kwamba tusisafiri. Nchi yetu ina mipaka mingi na maziwa makubwa, na mtu anayeogopa njia hawezi kuwa mfanyabiashara. Mimi mwenyewe nataka kusafiri. Nasema tu ya kuwa biashara ya safarini ina miguu miwili, mmoja unatembea na mwingine umesimama, na ni makosa kuupa viatu mguu mmoja tu.

Naona mambo matatu yafaa yafanywe na kila atakayechagua kazi hiyo, awe na magunia ya dagaa au kompyuta. Kwanza, hesabu ziandikwe mahali pawili, kwake na kwa aliyebaki, ili mmoja akiugua au simu ikiibwa, kazi isife. Pili, aliyebaki awe na fungu lake linalojulikana, wala si shukrani tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, jina lake liwemo katika karatasi. Sheria yetu yawaruhusu watu wawili kuandikisha jina la biashara kwa ushirika. Ni kazi ya siku chache, na ingalimwokolea mama yangu cherehani.

Na ninyi wasichana mliopiga makofi siku ile, nawauliza kwa heshima: mlipomwona moyoni yule msafiri mwenye kompyuta, mlijiona ninyi wenyewe, au mlimwona mwanamume, nanyi mmebaki na daftari? Ikiwa ni ninyi mtakaosafiri, basi mkumbukeni atakayebaki. Ikiwa ni ninyi mtakaobaki, msikubali kubaki bila jina.

Mwanzoni mwa muhula huu nilimwandikia baba barua, nikamweleza hayo yote, nikamwomba kwamba leseni itakapokwisha muda wake aandikishe upya kwa majina mawili. Sijawahi kumwambia baba yangu neno zito kama hilo, na mkono ulinitetemeka nikiandika. Sasa yuko Kalemie. Bado nangoja jawabu.

Mwenye neno la kunipinga, na aandike katika toleo la muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne