Nyumba Ina Bwana Wake



Kila Dominika sisi wa Mugunga tunaimba kwamba Yezu ni Bwana, na tunaimba vizuri. Hilo hakuna anayetubishia. Tunalolibishia leo ni yale yanayotokea baada ya Misa, mlangoni pa chumba cha mazoezi, mgeni anapoomba kuingia katika kwaya au katika chama cha vijana. Tunamwuliza barua ya shirika lake la zamani iko wapi. Tunamwuliza kadi ya ubatizo. Kisha tunamwuliza yeye ni mtu wa wapi hasa, na swali hilo la tatu sote twajua linatafuta nini. Halitafuti kijiji, linatafuta kabila.

Desturi hii ina watetezi wake, na baadhi yetu sisi makatekista, tuliosomea ualimu na kuzoea madaftari, tumekuwa wa kwanza kuitetea: utaratibu ni utaratibu. Msichana mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alitujia mara tatu akitaka kuimba. Mara tatu tulimrudisha akatafute karatasi. Nyumba yao ilikuwa imeteketea, na karatasi ndani yake. Wakati wa mazoezi alisimama nje karibu na dirisha, akaimba sauti ya pili bila kukosea, nasi tuliisikia. Mara ya nne hakuja.

Basi tuanze na huo utaratibu, maana waliousema hawakuusoma. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 876, inaeleza kwamba pasipo kumdhuru mtu yeyote, ushuhuda wa mtu mmoja mwaminifu asiyetiliwa shaka watosha kuthibitisha ubatizo. Na aliyebatizwa akiwa mtu mzima, kiapo chake mwenyewe chatosha. Shahidi mmoja tu! Anaweza kuwa mama yake, au msimamizi wake wa ubatizo, au jirani aliyekimbia naye. Kanisa zima, lenye kumbukumbu za karne nyingi, linaridhika na neno la mama mwaminifu, ila sisi wenye daftari moja lililoliwa na panya haturidhiki. Na hapo tunazungumzia uthibitisho wa sakramenti. Kwa kukaa kwenye benchi na kujifunza wimbo, nani alituagiza kudai hata hilo?

Utetezi wa pili ni kwamba hawa ni watu wa kupita, kwamba wanaoandikishwa leo kesho wataondoka. Maneno hayo yanatoka katika kinywa kilichosahau. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye, tarehe 27, amri ilitolewa wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma waondoke. Maelfu kwa maelfu walishika barabara hii inayopita mbele yetu, godoro kichwani, watoto mkononi, wakaenda Sake. Huko walilala makanisani, mashuleni, na katika nyumba za watu ambao hawakuwa na kitu cha ziada. Hatujasikia kwamba Sake ilimwomba mtu kadi. Kisha, mwezi wa Februari 2024, vita vilipofika Sake, wenyeji wake walishika barabara ile ile wakielekea upande wetu. Waliokuwa wenyeji wakawa wageni, na tukawauliza barua.

Wengine hunong'ona juu ya usalama. Hofu hiyo hatuidharau, maana tumezika watu. Lakini tukumbuke ni akina nani tuliowazika. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalipoanguka katika kambi za Mugunga na Lac Vert, waliokufa chini ya maturubai walikuwa wakimbizi wenyewe, wakiwamo watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zikavunjwa. Wapo waliorudi vijijini, na wapo wanaokaa leo katika vyumba vya kupanga ndani ya mipaka ya mashirika yetu, wakisali nasi kila Dominika bila jina katika daftari lolote.

Hapo ndipo wazee wetu huletwa kama mashahidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema methali hii kana kwamba ni ya kufukuza. Tuitazame tena. Anayekupa jembe amekupa na mahali pa kulima. Hakuhesabu tena kuwa mtu wa kutazama wenzake. Sisi hatujampa mgeni hata hilo jembe. Siku ya mia tatu bado tunamwachia nafasi ya kusimama dirishani.

Na neno "Bwana" lenyewe, kwa Kiswahili chetu, si neno la wimbo tu. Bwana ni mwenye nyumba. Tukikiri kwamba Yezu ndiye Bwana, tumekiri kwamba sisi si wenye nyumba, na kwamba orodha ya walioalikwa haikuandikwa na sisi. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakumpa cheti. Alimwomba Filemoni ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Filemoni alikuwa mkristu mwema, kanisa likikutana nyumbani mwake. Hata hivyo ilibidi aandikiwe.

Mji wetu una kijana aliyelielewa jambo hili. Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, alitangazwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Wengi wanakumbuka kwamba aliuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa, asiruhusu chakula kilichoharibika kiingie nchini. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo, pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa rafiki wa watoto wa mitaani, wale tunaowaita maibobo kwa dharau. Picha yake tumeibandika ukutani mwa chumba kile kile cha mazoezi, ikitazama mlango.

Mazoezi ya kwaya yanaanza Jumamosi saa tisa alasiri. Daftari jipya liko mezani, lina nafasi ya jina na ya sauti anayoimba mtu. Safu ya vyeti hatukuichora. Atakayeuliza ni kwa idhini ya nani, tumemwandikia kanuni ya 876 kwenye jalada.